Mrija wa Pumzi: Kwa Nini Mgonjwa Hupimwa Kimo

Alasiri moja tulikuwa tumekaa kwenye benchi la hospitali moja ya mjini Goma, pamoja na watu wengi waliokuja kuwauguza ndugu zao. Jirani yetu alikuwa mama mmoja mzee, shangazi wa kijana aliyekuwa akitema damu kwa miezi mingi. Kifua kikuu cha zamani kilikuwa kimeliharibu pafu lake moja, na waganga walikuwa wameamua kumpasua ili waiondoe sehemu iliyooza. Shangazi alikuwa amekwisha kubali. Lakini alasiri ile mwuguzi alikuja na utepe wa kupimia, mfano wa ule wa mshona nguo, akamsimamisha kijana ukutani, akampima toka kisiginoni hata utosini, akaandika hesabu yake katika karatasi. Mara yule mama akasimama, akapiga ukelele: "Ole wetu! Mnampima sanduku naye hajafa!" Akaanza kukusanya blanketi na sufuria, apate kumrudisha kijana wake nyumbani siku ile ile.

Sisi hatukumcheka, wala ninyi msimcheke. Kwetu, mtu mzima apimwaye kimo akiwa mgonjwa, mara nyingi ni yule ambaye seremala anamngojea. Mwuguzi naye hakukasirika. Alimshika mkono, akamwambia, "Mama, hatupimi sanduku. Twapima kiatu." Yule mama akamtazama kwa mashaka: "Kiatu cha nini, naye atakuwa amelala usingizi?" Akajibiwa, "Kiatu cha pumzi yake. Tukimvika kikubwa, kitamjeruhi. Tukimvika kidogo, hakitamfaa kitu. Ndiyo sababu twampima."

Jibu hilo lilituingia moyoni. Tuliona kwamba mgonjwa angaliweza kupokonywa matibabu yake kwa sababu ya utepe tu, maana hakuna aliyewaeleza jamaa kazi yake. Basi juma hili twataka kuwaeleza ninyi, wazazi na wanafunzi, habari za mrija wa pumzi: ni kitu gani, ulitoka wapi, na kwa nini waganga huuchagua kwa uangalifu kuliko mtu achaguaye viatu sokoni.

Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa thamani ya pumzi. Kila mtoto wa hapa ameonywa juu ya mazuku, ile hewa nzito itokayo ardhini karibu na milima ya moto, ambayo hujikusanya katika mabonde na mashimo. Haionekani kwa macho. Mbuzi akishuka shimoni, huanguka. Mtu akimfuata ili amwokoe, huanguka naye. Sababu ni kwamba hewa hiyo, kwa kuwa ni nzito, imeshika mahali pa ile hewa njema tunayoivuta. Shikeni habari hiyo ya mazuku, maana tutairudia.

Sasa tuangalie kifua cha mtu. Toka kooni hewa hushuka katika koo la pumzi, ambalo ni kama bomba lililoimarishwa kwa pete za gegedu. Kwa mtu mzima bomba hilo lina urefu wa sentimeta 10 hata 12 hivi. Chini hugawanyika kuwa matawi mawili, moja la pafu la kuume, jingine la pafu la kushoto. Matawi hayo hayafanani. La kuume ni fupi na pana, nalo limesimama karibu wima. Tena tawi lake dogo la kwanza, liendalo sehemu ya juu ya pafu, hutokea karibu sana, kama sentimeta 2 tu toka njia panda. La kushoto ni jembamba zaidi na limelala upande, lakini ni refu, kama sentimeta 5, kabla halijagawanyika. Mtaona hivi punde kwamba tofauti hiyo ndogo ina maana kubwa.

Mgonjwa apewaye dawa ya usingizi mzito pamoja na dawa ya kulegeza misuli hawezi kuvuta pumzi mwenyewe. Kwa hiyo hutiwa mrija kinywani, ukapita kati ya nyuzi za sauti, ukafika katika koo la pumzi, na mashine au mkono wa mtu humpulizia hewa. Wazo hili si la jana. Mwaka 1543 mganga Vesalius aliandika jinsi alivyomtia mnyama bua katika koo la pumzi na kupuliza, na mapafu yake yakajaa tena. Mwaka 1878 mpasuaji Macewen, katika mji wa Glasgow, alimtia mgonjwa mrija kwa njia ya kinywa ili alale usingizi wa dawa bila hatari ya damu kushuka mapafuni.

Lakini kifua chenyewe kilikuwa bado kama nyumba iliyofungwa kwa kufuli. Kwa nini? Kwa sababu mapafu hukaa wazi kwa nguvu ya ule mvuto ulio ndani ya kifua. Kifua kikifunguliwa kwa kisu, pafu hunywea kama mpira uliotobolewa. Mwaka 1904 Mjerumani Sauerbruch alijenga chumba cha ajabu ambacho hewa yake ilipunguzwa. Mwili wa mgonjwa ulikuwa ndani pamoja na wapasuaji, kichwa chake kikiwa nje, ili mapafu yasinywee. Lilikuwa jambo la akili nyingi, lakini zito mno. Baadaye mrija mwembamba ulifanya kazi ile ile bila chumba chochote, na wapasuaji wakathubutu zaidi. Mwaka 1933, katika mji wa St. Louis wa Marekani, Evarts Graham aliliondoa pafu zima lenye kansa kwa mara moja, na mgonjwa akapona. Mgonjwa yule alikuwa mganga pia, akaishi hata mwaka 1963. Graham mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mvuta sigara, alikufa kwa kansa ya mapafu mwaka 1957. Wenye masikio ya kusikia habari za tumbaku, na wasikie.

Ilibaki shida moja kubwa, nayo ilikuwa usaha. Mgonjwa wa pafu hulazwa ubavu, pafu lililo gonjwa likiwa juu, zima likiwa chini. Kumbukeni mazuku ishukayo bondeni: ndivyo usaha na damu za pafu la juu zilivyoshuka katika pafu la chini lililokuwa zima. Mgonjwa aliweza kuzama katika usaha wake mwenyewe juu ya meza, au kupata kifua kikuu katika pafu ambalo jana lilikuwa safi. Mwaka 1949 mganga wa Sweden, jina lake Eric Carlens, alitengeneza mrija wenye njia mbili ili apime kazi ya kila pafu peke yake. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake Björk waliutumia wakati wa kupasua mapafu. Mwaka 1962 Robertshaw, huko Uingereza, alitengeneza mwingine wenye njia pana zaidi, usio na ile kulabu iliyokuwa katika mrija wa Carlens. Mirija ya leo, ambayo ni ya plastiki, ni watoto wa ile.

Mfano wake ni ndizi pacha, zile mbili zilizoungana katika ganda moja. Njia moja huishia katika koo la pumzi. Ya pili ni ndefu zaidi, nayo huingia katika tawi la pafu moja. Kila njia ina kibofu kidogo ambacho hujazwa hewa ili kuziba mwanya wa pembeni. Hivyo mganga wa usingizi aweza kulipa hewa pafu moja na kulinyima jingine. Pafu lililonyimwa hunywea na kutulia, mpasuaji akafanya kazi yake kama fundi juu ya meza isiyotikisika. Na usaha wa upande mmoja haupati njia ya kwenda upande wa pili. Mara nyingi mrija wa upande wa kushoto ndio huchaguliwa, kwa sababu tuliyoitaja: tawi la kushoto ni refu, lina nafasi. Katika tawi la kuume, mrija ukisogea kidogo tu huweza kuziba ule mlango wa sehemu ya juu ya pafu.

Tufike sasa kwenye kiatu chenyewe. Mirija ya njia mbili huandikwa namba: 35, 37, 39 na 41 kwa watu wazima walio wengi, na 32, 28 na 26 kwa walio wadogo zaidi. Hesabu hiyo yatokana na Charrière, mfua vyombo vya waganga mjini Paris katika karne ya 19. Kila namba 3 ni milimeta 1 ya unene wa nje. Basi mrija wa namba 39 una unene wa milimeta 13. Mwanafunzi mwenye rula autazame upana huo katika daftari yake, kisha afikiri kwamba kitu hicho chapita kooni mwa mtu. Ndipo atajua kwa nini si jambo la kubahatisha.

Mrija ukiwa mnene kupita kiasi, wakwaruza nyuzi za sauti, na mgonjwa huamka na sauti iliyokauka. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba huweza kuchubua na hata kupasua koo la pumzi au tawi lake, na jeraha la namna hiyo laweza kuua. Wengine husema, "Kama ni hivyo, tuchague mwembamba, tuwe salama." Hapo wamekosea. Mrija mwembamba hushuka ndani kupita mahali pake, ukaziba matawi yasiyopaswa kuzibwa. Kibofu chake hakitoshi kuziba mwanya, hivyo mganga hulazimika kukijaza hewa nyingi, nacho kikivimba hivyo chaweza kulipasua tawi. Kwa desturi kibofu cha tawini hutosheka na mililita 1 hata 3 za hewa; kikidai zaidi, ni ishara kwamba mrija ni mdogo au umekaa vibaya. Tena njia nyembamba huzibwa upesi na makohozi na damu. Wazee wanywao pombe ya ndizi kwa mrija wajua: mrija ukiwa mwembamba, shavu huchoka kabla kiu haijaisha. Upana wa ndani ukipungua kuwa nusu, nguvu itakiwayo kupitisha hewa ile ile huongezeka hata mara 16.

Je, namba huchaguliwa namna gani? Kanuni ya kwanza hutazama kama mgonjwa ni mume au mke, na kimo chake. Mwanamke aliye chini ya meta 1.60 huanziwa na namba 35, na aliye mfupi sana, 32. Aliyezidi meta 1.60, namba 37. Mwanamume aliye chini ya meta 1.70 huanziwa na 39; aliyezidi, 41. Kimo chasaidia pia kujua mrija uingie kiasi gani: kwa mtu wa meta 1.70, mrija wa kushoto hufika mahali pake alama ya sentimeta 29 ikiwa kwenye meno, na kila sentimeta 10 za kimo huongeza au kupunguza sentimeta 1. Ndiyo sababu ya ule utepe uliomtisha mama yetu.

Lakini kanuni hiyo ni mlango tu, si nyumba. Ilitokana zaidi na watu waliopimwa katika nchi za ng'ambo, na hata huko watu wawili wa kimo kimoja huweza kuwa na makoo ya upana tofauti. Kwa hiyo mganga mwangalifu huichukua picha ya eksirei ya kifua na kuupima upana wa koo la pumzi lenyewe. Kipimo kimoja kijulikanacho, kilichoandikwa katika miaka ya 1990, chasema hivi: milimeta 18 au zaidi, namba 41, milimeta 16, namba 39, milimeta 15, namba 37, milimeta 14, namba 35. Tuseme mwanamume ana kimo cha meta 1.68. Kanuni ya kimo yasema 39. Lakini picha yaonyesha koo la milimeta 15. Mganga ataiacha 39 na kushika 37. Tena kiatu cha namba 40 cha fundi mmoja si sawa na 40 cha fundi mwingine; kadhalika mirija ya namba moja hutofautiana kidogo kwa kila kiwanda. Basi fundi mzuri hulinganisha mrija wenyewe na picha, wala haamini namba peke yake.

Katika Kivu yetu jambo hili lina uzito wa pekee. Watu wetu ni wa vimo vingi, warefu na wafupi sana, na wengine walikosa chakula cha kutosha utotoni, hata hawakukua walivyopaswa kukua. Mganga asiseme, "Wa kabila hili ni warefu, wale ni wafupi." Ampime huyu aliye mbele yake.

Na watoto je? Kwa mrija wa kawaida wa njia moja iko hesabu ya zamani: chukua miaka ya mtoto, igawe kwa 4, ongeza 4, utapata milimeta za upana wa ndani wa mrija usio na kibofu. Mtoto wa miaka 8 hupata 6. Mrija wenye kibofu hupunguzwa nusu milimeta. Lakini hesabu hiyo yadai umri wa kweli. Ni watoto wangapi wa kwetu ambao vyeti vyao vilipotea njiani wakati wa kukimbia vita au moto wa Nyiragongo, mwaka 2002 na tena 2021? Ni wangapi wa miaka 8 wenye mwili wa miaka 5 kwa sababu ya njaa? Ndiyo maana ni vema zaidi kumpima mtoto urefu akiwa amelala, na kuweka tayari mrija mmoja mdogo zaidi na mmoja mkubwa zaidi. Kutazama kidole chake kidogo, kama wengi walivyozoea, si kipimo cha kutegemea. Mrija wa njia mbili haupatikani kwa watoto walio wadogo sana. Hao hutiwa mrija wa kawaida, ukasukumwa hata tawi la pafu zima, au upande mgonjwa huzibwa kwa kibofu kidogo.

Mrija ukiisha kuingia, kazi haijaisha. Mganga hufunga njia moja kwa koleo, akasikiliza kifua upande huu na upande ule. Kisha hufunga ya pili, akasikiliza tena. Penye chombo chembamba cha kuchungulia ndani, ambacho Mjapani Ikeda alikileta kwa waganga katika miaka ya 1960, hutazama kwa jicho. Na mgonjwa akiisha kugeuzwa ubavu huangalia mara ya pili, maana mrija huweza kuhama. Haraka ni ya lazima, maana Goma iko juu, kama meta 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ina kama sehemu 5 tu kati ya 6 za nguvu ya hewa ya pwani. Mtu avutaye pumzi kwa pafu moja hapa ana akiba ndogo kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, na oksijeni ya mashine ndiyo mkongojo wake.

Yafaa pia tuondoe kosa moja lililo katika vinywa vya watu. Januari 2025, vita vilipofika ndani ya mji wetu, hospitali zilijaa majeruhi, na jamaa wengi waliona mirija ikitiwa ubavuni. Huo si mrija wa pumzi. Ni mrija wa kutoa damu na hewa iliyolibana pafu kwa nje. Walio wengi kati ya wenye majeraha ya kifua ya risasi au ya vipande vya bomu huponywa kwa mrija huo, bila kufunguliwa kifua. Mkiambiwa kwamba ndugu yenu hapasuliwi, bali atatiwa mrija ubavuni tu, msidhani amedharauliwa.

Mwisho, jamaa wana kazi gani? Wazichukue picha zote za zamani za kifua, wasiziache nyumbani. Wamwambie mganga kama mgonjwa aliwahi kutiwa mrija, na kama sauti ilikauka baadaye au ilikuwa vigumu kumtia. Waseme habari za pumu, za tumbaku, na za meno yanayocheza. Wasimpe chakula kwa muda wa saa 6 kabla ya kulazwa usingizi, hata kama amlilia mama yake. Maji matupu huweza kuruhusiwa hata saa 2 kabla, kama mganga akubali. Na waulize. Swali la heshima halimwudhi mtu ajuaye kazi yake. Nanyi vijana mnaojifunza uuguzi, kumbukeni kueleza utepe kabla ya kuutoa mfukoni.

Labda mwauliza habari za yule shangazi. Alikaa kimya kitambo, sufuria mkononi. Kisha akaiweka chini, akamwambia mwuguzi, "Basi mpime tena, mimi nikishika ncha." Akainama, akaukanyaga utepe kwa kidole gumba cha mguu penye kisigino cha kijana wake, akaangalia vema usipinde. Hesabu ilikuwa ile ile ya kwanza, lakini safari hii mama mwenyewe ndiye aliyemwambia mwuguzi aiandike.